Swali la Waziri Mkuu

Kuna karatasi ya maswali kumi niliyoitumia kazini miaka mingi. Mzee akiletwa kwetu, au tukiona kumbukumbu zake zimeanza kuyumba, namkalisha pembeni na kumuuliza taratibu. Una umri gani? Huu ni mwaka gani? Hapa tulipo ni wapi? Hesabu kutoka ishirini urudi nyuma mpaka moja. Mojawapo huuliza jina la mfalme au malkia, na wengi wetu tumezoea kuuliza la waziri mkuu.

Tarehe 26 Oktoba 2022 nilimuuliza bibi mmoja wa miaka 88, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Akasema, "Boris Johnson." Nilinyamaza. Akausoma uso wangu, maana mwalimu ni mwalimu, akajisahihisha haraka: "Hapana, yule mama. Truss." Truss naye alikuwa ameondoka jana yake, na Sunak ameingia. Na lau ningemuuliza la malkia, hilo nalo lilikuwa limebadilika wiki saba tu nyuma, baada ya miaka sabini ya jibu moja. Bibi aliona nimeinamia karatasi, akanishika mkono, machozi yakamtoka. "Nimeanza kupotea, siyo?" Nikamwambia hajapotea popote, kosa si lake. Nikamwandikia alama yake.

Tangu siku ile nimetaka kuandika haya, na kila mara nimeyaahirisha, kwa sababu ndani yake kuna jambo langu mwenyewe nisilopenda kulisema.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Ni muuguzi. Nilifika Uingereza 2008, na kwa miaka mingi sasa nafanya kazi katika nyumba ya wazee karibu na Boston, kaunti ya Lincolnshire. Ni nchi tambarare, udongo mweusi, mashamba ya kabichi, koliflawa na viazi hadi jicho linapokoma, na katikati yake mnara wa kanisa la St Botolph, ambao wenyeji huuita Stump, unaouona ukiwa mbali kabla hujauona mji. Alfajiri nikitoka zamu ya usiku napishana na mabasi madogo yanayowapeleka vibarua shambani. Wengi walikuwa Wapolandi, Walithuania, Walatvia na Wareno.

Boston ndiyo sehemu iliyopiga kura ya kuondoka Umoja wa Ulaya kwa asilimia kubwa kuliko pengine pote Uingereza: 75.6. Waandishi wa habari kutoka London walikuja kutupiga picha kana kwamba sisi ni ajabu. Basi hilo jambo langu ni hili: mimi nilikuwa ndani ya hiyo asilimia 75.6. Nilipiga kura ya kuondoka.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tuliruhusiwa kupiga kura ile. Nilikuwa na pasipoti ya Kenya mfukoni nilipoingia ukumbi wa kanisa tarehe 23 Juni 2016. Hakukuwa na foleni. Hakukuwa na wino wa kidole wala askari mlangoni. Kulikuwa na penseli iliyofungwa kwa uzi na akina mama wawili wenye tabasamu. Baba yangu alisimama kwenye mlolongo wa 1988, watu wakipanga mistari mchana kweupe nyuma ya mgombea wao, na bado aliyekuwa na mstari mfupi akatangazwa mshindi. Alitusimulia kisa hicho mpaka anafariki. Kwa hiyo nilipoishika ile penseli mkono ulitetemeka. Niliamini kwamba hapa nikiweka alama, alama itahesabiwa na neno litatimizwa.

Kwa nini niliweka pale? Nilisoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Uuguzi nimesomea kwa Kiingereza. Nilipokuja hapa ilinibidi nifanye mtihani wa Kiingereza wa IELTS na nipate saba, kisha niingie mafunzo ya ziada ndipo nisajiliwe. Muuguzi wa Ulaya bara alisajiliwa bila mtihani wowote wa lugha. Sharti hilo kwao lilikuja Januari 2016 tu. Halafu katika kampeni akaja waziri mmoja, Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, akiwaambia wenye mikahawa ya vyakula vya Kihindi kwamba tukiondoka Ulaya, mlango utafunguka kwa haki kwa watu wa Jumuiya ya Madola. Ahadi hiyo niliisikia nikaiona ya haki. Sikulipigia kura lile basi jekundu la kampeni lililodai tunapeleka Ulaya pauni milioni 350 kwa wiki. Nilipigia kura usawa wa mlangoni.

Mwenzangu wa zamu wakati huo alikuwa mama wa Kilithuania. Alikuwa ameishi Boston miaka kumi na miwili, amezaa hapa, amenunua nyumba hapa. Hakuruhusiwa kupiga kura. Kati ya watu wa Umoja wa Ulaya wakazi wa hapa waliruhusiwa wa Ireland, Malta na Cyprus pekee. Ijumaa asubuhi tulikutana chumba cha dawa. Matokeo yalikuwa yametangazwa, asilimia 51.9 kwa 48.1, na waziri mkuu, David Cameron, alikuwa amesimama mbele ya mlango wake akasema anakwenda zake. Mwenzangu aliniuliza, "Wewe ulipiga?" Nikasema ndiyo. Hakuniuliza nilipiga wapi. Tukahesabu vidonge. Mwaka 2018 alihamia Kaunas na watoto wake wawili ambao Kilithuania walikijua kwa kubabaisha.

Cameron ndiye mwanzo wa hasira yangu na vyama hivi. Aliiahidi kura ile Januari 2013, wakati wabunge wa chama chake mwenyewe, Conservative, wanamsumbua na UKIP, chama kilichotaka tuondoke Ulaya, kinamnyemelea kwa nyuma. Ilikuwa dawa ya ugonjwa wa chama, akainywesha nchi nzima. Na hakuandaa kitu kwa siku ambayo jibu lingekuwa "tuondoke". Mimi niliyepiga kura ile nilidhani wenye nchi wana karatasi mahali fulani, mpango, ramani. Hawakuwa nayo.

Miaka mitatu iliyofuata niliitazama kwenye televisheni ya ukumbi wa wazee. Alikuwepo mzee mmoja aliyelima kabichi maisha yake yote, mkono wake mmoja hauna nguvu kwa kiharusi, na yeye na mimi tulikuwa tumepiga kura upande mmoja kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Yeye alichukia kanuni za Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, na aliona mshahara wa shambani haupandi. Tarehe 15 Januari 2019 tulikaa pamoja kusikiliza matokeo ya kura ya wabunge kuhusu mkataba wa kuondoka wa Theresa May, aliyemrithi Cameron: 202 waliukubali, 432 waliukataa. Mzee alinitaka nirudie tarakimu, akidhani sikio lake limemdanganya. Mwezi Machi wabunge wakapewa njia nane waonyeshe ipi inawafaa. Zote nane zilikosa wingi wa kura. Mzee akasema, "Basi wanataka nini?" Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sidhani alikuwepo mtu ndani ya bunge lile ambaye angemjibu. Conservative walitaka kila mmoja Brexit yake, yaani namna yake ya kuondoka. Labour wa Corbyn, chama cha upinzani, walikuwa na msimamo ambao hata mwanachama wao, daktari wetu wa zamu, alishindwa kunieleza mara mbili kwa namna moja.

Johnson, aliyemrithi May, alipolifunga Bunge mwaka huo, majaji 11 wa Mahakama ya Juu walisema kwa kauli moja, tarehe 24 Septemba 2019, kwamba amevunja sheria. Siku hiyo nilimpigia mamangu simu Mombasa kwa furaha, nikamkumbusha Jaji Maraga na uamuzi wa Septemba 2017 uliofuta uchaguzi wetu wa urais. Nilidhani chama kitaona aibu. Chama kilikuwa kimeshawafukuza kundini wabunge wake 21, akiwemo mjukuu wa Churchill, kwa kukataa kuondoka Ulaya bila mkataba. Desemba kikashinda kwa wingi wa viti 80. Watu walikuwa wamechoka. Mimi pia nilichoka, na ninaelewa kabisa kwa nini mzee wangu wa kabichi alilala usingizi mzito usiku ule.

Kisha ikaja Covid, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijasamehe.

Aprili na Mei 2020 tulizika wazee tisa. Wagonjwa walitolewa hospitali wakaletwa kwenye nyumba za wazee kote nchini bila kupimwa, na miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ikasema sera hiyo haikuwa halali. Tulivaa mifuko ya taka juu ya sare kwa siku nne kabla ya aproni kufika. Alhamisi saa mbili usiku watu walitoka milangoni wakapiga makofi kwa ajili yetu, nami nilisimama dirishani nikalia, sikuona unafiki ndani yake, walikuwa wanapiga kwa moyo. Juni mwaka huo binti wa mzee mmoja alimuaga babake akiwa nje kwenye ua wa waridi, mkono wake juu ya kioo, mimi ndani nimemwekea mzee simu sikioni. Sheria ilikataza aingie, na mimi ndiye niliyemwambia hawezi kuingia. Aliniomba mara tatu. Mara tatu nilisema hapana.

Juni hiyo hiyo, tarehe 19, katika ofisi ya waziri mkuu watu walikusanyika kwa siku yake ya kuzaliwa. Johnson alitozwa faini kwa hilo, na Sunak, waziri wake wa fedha wakati huo, pia. Jumla ya faini zilizotozwa kwa mikusanyiko ya ofisi za serikali za Downing Street na Whitehall zilikuwa 126. Usiku wa kuamkia mazishi ya mume wa Malkia, yale ambayo Malkia alikaa peke yake kwenye benchi la kanisa, pale ofisini walikuwa wakinywa. Habari zilipotoka, yule binti alinipigia. Hakutukana mtu. Aliniuliza tu kama ninakumbuka mara ngapi aliniomba.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Conservative hawakumwondoa kwa sababu hiyo. Walimvumilia, wakampigia hesabu ya kura, na walipoona mizani imeinama, Julai 2022, baada ya kashfa nyingine, mawaziri wakaanza kujiuzulu kwa makumi. Kiongozi alipimwa kwa faida yake kwa chama. Sisi wa dirishani hatukuwa kwenye hesabu.

Aliyefuata alichaguliwa na wanachama wa Conservative. Truss alipata kura 81,326. Watu wachache hivyo ndio walioamua nani aongoze nchi ya watu zaidi ya milioni 67. Bajeti yake ya Septemba 23 ilidumu wiki chache, lakini riba zilipanda, na mkopo wangu wa nyumba ulikuwa unafikia mwisho wa riba ya kudumu mwezi wa Novemba. Malipo yalitoka pauni 612 kwa mwezi yakawa 874. Nikaongeza zamu mbili za usiku kila wiki kwa mwaka mzima. Goti langu la kushoto limebaki na kumbukumbu ya waziri mkuu aliyekaa siku 49.

Sunak alipoingia, mamangu alipiga simu kabla sijaamka. Babake Sunak amezaliwa Kenya, mamake Tanganyika. "Mjukuu wetu," alisema Mama, na nilisikia majirani nyuma yake wakicheka kwa furaha. Nami nilifurahi, siwezi kukana. Nilidhani mtoto wa muuza dawa na daktari, wa watu waliobeba masanduku kutoka Afrika Mashariki, angalau atazungumza kuhusu wahamiaji kama anayezungumza kuhusu watu. Chini yake kukawa na Suella Braverman, waziri wa mambo ya ndani, ambaye babake pia ametoka Kenya. Wakashupalia mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, uliokwamishwa na Mahakama ya Juu Novemba 2023, wakautungia sheria mpya wakidai Rwanda ni salama kwa amri ya Bunge. Mwishowe walikwenda wanne, kwa hiari yao, na serikali iliyofuata ikasema mpango umekula pauni milioni 700. Nyumba kama yetu zingekarabatiwa ngapi?

Na huku nyuma, bila kuwaambia wapiga kura wao wazi, walikuwa wanatuita. Februari 2022 walifungua viza kwa walezi wa wazee, kwa sababu Wareno na Walithuania walikuwa wamekwenda na vitanda havina wa kuvigeuza. Walikuja Wanigeria, Wazimbabwe, Wahindi, Wakenya. Idadi ya wanaoingia ukitoa wanaotoka ikapita 900,000 kwa mwaka. Ile ahadi ya mwaka 2016 ilitimia kwa namna yake: mlango ulifunguka kwetu, na waliotufungulia wakasimama barazani kuwaambia majirani kwamba tunavamia.

Hapa ndipo lilipo dukuduku langu lote. Vyama vyote viwili vinajua. Vinajua wazee wanaongezeka, vinajua mshahara wa kazi hii hauwatoshi vijana wa hapa na kwamba halmashauri hazina fedha za kuupandisha. Kuna njia mbili tu za kweli: lipa zaidi, na maana yake kodi, au ita watu kutoka nje. Sijamsikia kiongozi hata mmoja, tangu Cameron, aliyesimama mbele ya watu wa Boston akawaambia hayo kwa sentensi nyepesi. Na watu wa Boston si wajinga. Mzee wangu wa kabichi angeelewa kwa dakika mbili. Alilipa vibarua miaka arobaini.

Nilitumaini Labour. Julai 4, 2024 niliwapigia kura, safari hii na pasipoti ya Uingereza mkononi maana sasa wanadai kitambulisho. Walipata viti 411 kwa asilimia 33.7 ya kura; ushindi mpana kama karatasi, na wembamba wake kama karatasi. Mwezi huo huo wakawanyang'anya wazee wengi ruzuku ya kupasha nyumba joto, na mwaka mmoja baadaye wakairudisha kwa walio wengi. Mei 2025 kiongozi wao, waziri mkuu Starmer, alisema nchi iko hatarini kuwa kisiwa cha wageni wasiojuana. Baadaye akasema anajutia maneno yale. Lakini mimi nilikuwa nimeshayasikia saa kumi na mbili asubuhi redioni, nikitoka kumwosha mtu ambaye hanijui jina lakini hakubali kulishwa na mwingine. Julai wakafunga kabisa kuajiri walezi kutoka nje. Novemba 2025 wakatangaza pendekezo kwamba walezi waliokuja kwa viza ile wangoje miaka 15 kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu. Waliambiwa mitano walipokuja.

Starmer huyu ndiye aliyetaka kura ya pili ya maoni alipokuwa upinzani. Alipopata madaraka alikaa muda mrefu haisemi Brexit isipokuwa kwa kuizunguka, ingawa ofisi huru ya makadirio ya bajeti inasema uchumi utazalisha pungufu kwa asilimia 4 kuliko tungebaki. Sisemi turudi. Nasema mtu aliyepiga kura kama nilivyopiga anastahili kuambiwa ilimgharimu nini.

Ndiyo maana siwashangai wanaokwenda kwa chama cha Reform. Mei 2025 walichukua halmashauri yetu ya kaunti na umeya. Wana wa wazee wangu wamewapigia, wananiambia bila kuficha, huku wananiletea chokoleti za Krismasi. "Si wewe tunayemsema," wananiambia. Farage, kiongozi wao, amesema akiingia madarakani atafuta ukaazi wa kudumu kabisa. Sijui ni nani huyo wanayemsema, ikiwa si binti wa mamangu mdogo.

Yeye alifika Mei 2024, miezi miwili baada ya kuzuia walezi wasije na familia. Watoto wake wawili wako Likoni na nyanya yao. Alilipa wakala fedha za kuuza kiwanja. Mwajiri wake, ambaye sitamtaja, alimpa saa kumi na nne kwa wiki badala ya thelathini na tisa alizoahidi, kisha akanyang'anywa leseni ya kudhamini wafanyakazi. Barua ikaja: siku sitini apate mdhamini mwingine au aondoke. Analala chumba cha binti yangu. Kila usiku anafungua simu na kuwatazama watoto wakila, hasemi kitu, anawatazama tu hadi mtandao ukatike.

Juzi aliniuliza, "Dada, hawa wakianguka, wakija wengine, watabadilisha?" Nilimwambia ukweli, kwamba nimeshaona watano wakiingia tangu Cameron atoke.

Ile kura yangu ya 2016 bado sijamweleza. Leo ni siku ya 41. Kesho saa nne asubuhi ana usaili Spalding, na nimebadilishana zamu ili nimpeleke mimi.